Seli Zinazojifagia na Mgomo wa Mzee Pastori

Vijana wenzangu wa zamu, siku mliyoniaga mlinipa vitenge viwili, keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja, na hotuba ndefu kuliko foleni ya Jumatatu. Kila aliyesimama alisema nitakumbukwa kwa uvumilivu wangu. Nimefanya kazi na ninyi miaka mingi, kwa hiyo najua maana yake: nilikuwa mkali. Mwishoni Daktari Kulwa akaomba niandike niliyoyaona kazini ili wanaokuja nyuma wasome. Nimekubali kwa sababu sasa nina nafasi, na kwa sababu mmoja wenu, nilimsikia, alinong'ona kwamba sitafika ukurasa wa pili.

Vyeo nitaviruka. Malaria na uzazi mnavijua kuliko mimi. Nitakaa zaidi kwenye magonjwa ya ubongo unaochakaa, yale ya kutetemeka na ya kusahau, ambayo wengi wenu huyaita uzee na kumwita mgonjwa anayefuata. Nami niliyaita hivyo. Aliyenitoa huko ni Mzee Pastori, tabibu aliyenilea kazini. Baadaye yeye mwenyewe akaniwia mgonjwa, na mgonjwa mbishi kuliko wote niliowahi kuwaandikia kadi.

Niliripoti katika kituo kimoja cha afya wilayani Biharamulo nikiwa binti wa Kihangaza kutoka Ngara, tabibu mwenye cheti kipya na viatu vipya vilivyonibana. Mzee Pastori ndiye aliyekuwa mganga mfawidhi. Alikuwa Msubi wa hapo hapo, mrefu, mwenye sauti ya chini, na meza yake ilikuwa mwisho kabisa wa chumba, imetazamana na mlango. Mgonjwa, hata awe hoi, alilazimika kukivuka chumba kizima ndipo akifikie kiti. Nikaona huo ni ubwana mkubwa. Alipotoka kwenda kunawa mikono, nikakisogeza kiti cha mgonjwa mpaka karibu na mlango.

Aliporudi alikibeba kiti akakirudisha mahali pake, akaketi, akamwita mgonjwa wa kwanza. Yule alipokwisha kuhudumiwa na kutoka, Mzee akaniuliza nimeona nini. Nikataja homa, kikohozi, ulimi mkavu. Akaniuliza mguu upi mgonjwa alikuwa anauburuta. Sikuwa nimeona mguu wowote. Akasema ule mwendo wa hatua kumi kutoka mlangoni ndio kipimo chake cha kwanza, hakihitaji betri wala maabara, na mimi nilikuwa nimekihamisha asubuhi ile kwa huruma.

Vifaa vingine vilikuwa vichache. Nyundo ya kugongea magoti ilikuwa imeng'oka mpira wake, na fundi viatu akaweka kipande cha kandambili. Ilifanya kazi vizuri, ingawa wagonjwa waliitazama kwa mashaka. Kulikuwa na tochi, penseli, na rundo la nusu karatasi zilizokatwa kutoka kwenye madaftari yaliyokwisha. Mgonjwa aliyejua kuandika aliombwa aandike jina lake mara tatu na kuchora duara linalozunguka kama konokono. Asiyejua aliombwa agongeshe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, kama mtu anayeita kuku. Nilidhani ni michezo ya mzee aliyekosa mashine. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nilidhani mambo mengi.

Mwaka wangu wa kwanza haujaisha, vijana watatu wa Kisukuma walimleta baba yao, Mzee Masanja, kutoka Nyabusozi, ambako familia ilikuwa imehamia na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Walisema baba anatembea kama mlevi wakati hanywi. Jambo la pili walilisema kwa kusitasita: baba ana hasira nao. Mwaka mzima hajacheka. Ng'ombe akizaa, hacheki. Wakimsalimia, anawatazama kama watu wa njiani. Walikuwa wamekwisha kumwomba msamaha mara mbili bila kujua wamekosa nini, na mara ya pili walimchinjia mbuzi.

Mimi nilikwisha kuandika kwenye kadi neno moja na alama ya kuuliza: ulevi? Mzee Pastori hakuandika kitu. Alimtazama Masanja akija toka mlangoni kwa hatua fupi fupi, mkono wa kushoto ukienda na kurudi, wa kulia umening'inia tu. Akaukunja na kuukunjua ule mkono wa kulia, akanipa niushike. Ulikuwa unakwama na kuachia, unakwama na kuachia, kama gurudumu bovu. Kisha akawageukia wale vijana, akawaambia baba yao hana hasira. Ana ugonjwa unaoikaza misuli, na uso nao una misuli. Akicheka moyoni, kicheko hakifiki usoni.

Mkubwa wao akauliza kama hilo linaweza kuwa kweli. Mzee Pastori akasema muulizeni mwenyewe. Masanja alichukua muda mrefu kujibu, na sauti ilitoka ndogo.

"Hasira gani? Ninyi ni wanangu. Ila yule mbuzi alikuwa mtamu."

Yule mkubwa akainama, akafunika uso kwa mikono. Mzee Pastori akanisogezea kadi pamoja na kalamu, nilifute lile neno mwenyewe. Dawa hatukuwa nayo wakati ule. Tuliwafundisha namna ya kumwinua kitandani na kumkatia chakula vipande vidogo, wakaondoka wakiwa wamemshika baba yao huku na huku. Nilipomuuliza Mzee chanzo cha ugonjwa, akasema kuna chembe fulani za ubongo zinazokufa mapema. Kwa nini zinakufa, nikawaulize waliomfundisha, maana nao hawakujua.

Baadaye nilihamishiwa Ngara, na wakimbizi walipojaa kambi ya Benaco nikaazimwa huko kwa miezi kadhaa. Ya Benaco yanahitaji kitabu chake, na sina moyo wa kukiandika. Nitataja mmoja tu. Palikuwa na bibi aliyekuja na binti yake. Kila asubuhi bibi yule alichukua ndoo akaaga kwamba anakwenda kuteka maji kwenye kisima cha kilimani kwao, kisima kilichokuwa ng'ambo ya mpaka. Binti alimsindikiza mpaka kwenye bomba la kambini, wakajaza, wakarudi. Nilimwambia ugonjwa wa mama yake ni wa kusahau na hatuna dawa yake. Akanijibu kwamba haitaki hiyo dawa. Katika kambi nzima, alisema, mama ndiye pekee anayeamkia nyumbani.

Mzee Pastori alistaafu akarudi kwenye shamba lake Nyabusozi, yeye na mkewe, Mama Generoza. Kustaafu kwake kulikuwa kwa jina tu. Majirani waliendelea kwenda kwake, na yeyote ambaye ugonjwa wake ulimtia shaka alimwandikia kikaratasi cha kuniletea mimi. Watu wa Nyabusozi wana hospitali iliyo karibu zaidi, lakini aliwapandisha basi mpaka Ngara, eti kwa kuwa huku kuna mtu aliyefundishwa vizuri. Kikaratasi kilikuwa kifupi: "Adventina, mwone huyu. Usimpe dawa kabla hujamsikiliza mgongoni." Hakikuwa na shikamoo wala habari za nyumbani. Maandishi yalikuwa makubwa na ya mviringo, kama ya mwalimu wa darasa la kwanza.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka alipokuja Daktari Kulwa, kijana kutoka Kahama, ana kompyuta mpakato na ugonjwa wa kufundisha. Mnajua habari za masomo yake ya Alhamisi, maana yapo mpaka leo. Alhamisi moja aliandika ubaoni neno otofagia. Muuguzi mmoja aliyekuwa ametoka zamu, ambaye sitamtaja kwa sababu bado mnakula naye chai, alilisoma kwa sauti na kuuliza kama ni ufagio wa umeme. Tulicheka sote isipokuwa Kulwa. Akasema neno ni la Kigiriki, maana yake kujila. Nikamwambia kwa masikio ya huku kwetu kufagia kunaeleweka zaidi kuliko kujila. Akasimama na kalamu yake mkononi, akafikiri, akakubali kwamba hata kazi yenyewe ni ya kufagia.

Naandika kama nilivyoelewa. Ndani ya seli mna vitu vinavyochakaa: protini zilizojikunja vibaya, vinu vidogo vya kuzalisha nguvu vilivyochoka. Seli hutengeneza utando mwembamba ukavizunguka, ukawa kifuko kilichofungwa. Kifuko hicho hupelekwa kikaungana na kingine chenye vimeng'enya vikali, na kilichomo humeng'enywa. Vipande vinavyofaa hurudi kutumika upya. Seli ya ngozi ikichakaa sana hubanduka na mpya ikashika nafasi. Seli nyingi za ubongo hazina bahati hiyo. Ulizozaliwa nazo ndizo unazozeeka nazo. Zisipofagiwa, taka zinabaki humo humo. Katika ugonjwa wa Pakinsoni, ule wa Mzee Masanja, protini ya aina moja hukutwa imejikusanya madonge ndani ya seli. Katika Alzaima, ule wa bibi wa Benaco kwa ninavyodhani, ni protini nyingine. Na kadiri mtu anavyozeeka, ufagiaji nao unalegea.

Nikauliza kama ufagio umekwama ndipo taka zikajaa, au taka zimejaa ndizo zikaukwamisha ufagio. Kulwa akasema hapo ndipo wataalamu wanapobishana, na huenda yote mawili ni kweli. Nilifurahi. Swali nililomuuliza Mzee Pastori nikiwa binti lilikuwa limepata angalau nusu ya jibu. Halafu, akiwa anafuta ubao, Kulwa akasema kwamba huko maabara seli zikinyimwa chakula hufagia kwa bidii zaidi, na panya wamejaribiwa wakaonyesha hivyo. Akaongeza kuwa kwa binadamu mgonjwa hakuna aliyethibitisha kuwa hiyo ni tiba. Sehemu ya kwanza niliisikia vizuri. Ya pili ilisemwa wakati viti vinavutwa.

Mwaka ule ule vikaratasi vya Nyabusozi vilianza kubadilika. Maandishi yalipungua ukubwa. Nilidhani mzee anabana karatasi, nikacheka peke yangu. Kisha kikaja kimoja ambacho mstari ulianza na herufi za kawaida na kuishia na vidudu vidogo kama mchele uliosagika. Nilikisogeza dirishani kukisoma. Yule mgonjwa aliyekileta akasema Mzee hajambo, ila siku hizi hasimami kumpokea mtu. Nikakaa chini na kile kikaratasi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewaomba watu waandike majina yao mara tatu, na mtu aliyenifundisha kipimo hicho alikuwa ananiletea majibu yake mwenyewe kwa basi.

Jumapili nilikwenda. Nilishuka Nyakanazi, nikanunua mkate na ndizi mbivu, nikaunganisha usafiri hadi kwao. Nilimkuta ameketi kibarazani, mkono wa kulia ameufunika kwa sweta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti iliyokuwa chini kuliko ile niliyoizoea. Uso haukusogea. Kama nisingemjua Mzee Masanja, ningedhani nimemkosea. Tukaongea mvua, tukaongea mihogo. Nikamwomba anionyeshe migomba yake mipya. Akasema inaonekana vizuri kutoka hapo tulipo. Nikaomba tukamsalimie jirani. Akasema jirani ni mtu mbaya. Mama Generoza, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akakohoa.

"Adventina," akasema mwisho, "umekuja kunisalimia au kunipima?"

"Yote mawili, baba."

Kisha akaliondoa sweta, akashika mhimili wa baraza, akainuka, akatembea hadi kwenye mgomba wa kwanza na kurudi. Hatua zilikuwa fupi. Mkono wa kulia haukwenda popote. Alipogeuka alikanyaga kanyaga pale pale mara saba kabla ya kunielekea. Nilihesabu, naye aliona kwamba nahesabu.

"Sawa," akasema akikaa. "Andika. Ila usiandike ulevi."

Huko Mwanza alimwona daktari bingwa, ambaye alithibitisha, akamwanzishia vidonge. Vilifika kwa basi hadi Nyakanazi, na Mama Generoza alivifuata huko. Vilimsaidia kweli. Baada ya wiki chache aliweza kwenda shambani na kurudi. Nilipomtembelea akataka nimweleze ugonjwa wenyewe, tena vizuri, kwa sababu vidonge vinarudisha kile kilichopungua ubongoni lakini yeye anataka kujua kwa nini kilipungua. Ninyi mnajua raha ya kumfundisha mtu aliyekufundisha. Nilimchorea seli chini kwa kijiti, nikaweka vifuko, nikaweka taka, nikamtajia otofagia. Alisikiliza kwa kuinama. Nami, kwa kutaka kupamba somo, nikamwambia na habari za panya. Nikasema seli zikiona njaa hufagia zaidi. Nikanawa mikono, nikala ndizi za Mama Generoza sahani mbili, nikarudi Ngara nimejawa na kiburi.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumanne, Mama Generoza akanipigia simu. Huku kwetu, mnajua, herufi l na r hubadilishana viti bila kuaga. Akasema, "Mwanangu, mzee amegoma kura kabisa. Nimembembeleza, hataki."

Wiki ile jumuiya zote za kanisani zilikuwa na uchaguzi wa viongozi. Mzee Pastori alikuwa amekwisha kugombana na mwenyekiti wao kuhusu ratiba ya sala. Nikamwambia mama amwache, kura ni hiari, pengine hapendi wagombea. Kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye mtaalamu."

Alhamisi akapiga tena. Mzee ameanguka akielekea chooni, wamembeba kwa bodaboda mpaka kituoni. Nikauliza ameumia wapi, anazungumza, amekula saa ngapi mara ya mwisho.

"Si nilikuambia amegoma kura," akasema Mama Generoza.

Ndipo nikaelewa. Nilisimama kwenye korido ya hospitali, simu sikioni. Nikamtafuta Kulwa nikamweleza yote, pamoja na habari za panya. Niliona aibu kumtazama. Hakunilaumu. Alisema tunakwenda wote wawili, kwa kuwa panya ni wa kwake.

Tulimkuta amelazwa katika kituo kile kile nilikoanzia kazi. Walikuwa wamemtundikia dripu. Alikuwa mkavu kama ubao, shingo haigeuki, midomo imepasuka. Alikuwa ameacha chakula, isipokuwa maji na uji kidogo jioni. Na vidonge alikuwa ameviacha pia. Vidonge hivyo haviachwi ghafla, nanyi mlikumbuke hilo kuliko yote mtakayosoma hapa. Mwili unaweza kukaza mpaka mtu ashindwe kumeza hata mate. Aliyekuwa zamu, binti makini sana, alikuwa amemwinua kichwa vizuri asipaliwe. Nikampigia daktari wa Mwanza, akatuelekeza namna ya kuvirudisha.

Mama Generoza akanipa daftari alilolikuta chini ya mto wa mzee. Ndani alikuwa amepiga mistari kwa rula. Siku ya kwanza, hatua mlangoni mpaka mgombani, idadi. Siku ya pili, idadi. Vidonge alivisimamisha, aliandika, ili visije vikavuruga matokeo. Herufi zilikuwa ndogo kiasi kwamba Kulwa alizipiga picha kwa simu na kuzikuza. Ulikuwa utafiti safi kabisa. Kasoro yake ilikuwa moja: mtafiti alikuwa anakufa.

Kufikia siku ya pili vidonge vilikuwa vimeanza kufanya kazi, sauti ikarudi. Nilikaa pembeni ya kitanda. Nikamwambia kosa ni langu, nilimpa nusu ya habari.

"Ulinipa nusu niliyoitaka," akasema. "Ningekuuliza ile nyingine, ungenipa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia anachofanya. Alitazama dari. Mama Generoza alikuwa ametoka kuchukua maji ya moto, na nadhani alisubiri atoke.

"Sitishwi na kutetemeka," akasema. "Wale wote niliokuwa nawafundisha watoto wao kuwalisha, niliwatazama macho yao. Siwezi kulishwa, Adventina. Afadhali njaa."

Miaka yote ile nilimwona akiwafundisha watu kuwakatia wazee wao chakula, sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa anayachukua yale macho akaenda nayo nyumbani. Nilimshika mkono ule wa kulia. Haukutulia, nami sikuutaka utulie.

Kulwa aliingia na kiti chake, akaketi. Mzee akamkagua toka viatu mpaka nywele, akamuuliza kama yeye ndiye mwenye panya. Kulwa akakiri. Mzee akataka kujua panya wale walikuwa na umri gani. Kulwa akasema wengi walikuwa vijana. Walipimwa uzito kila siku? Ndiyo, na waliokuwa wanakonda kupita kiasi waliondolewa. Nani aliwapima? Watafiti, si panya wenyewe. Mzee akalipokea hilo bila kupepesa macho.

"Na walipona?"

"Baadhi, dalili zilipungua kidogo," akasema Kulwa. "Si wote."

"Taka za ubongoni zilipungua, mlijuaje?"

"Ubongo ulichunguzwa kwa darubini."

"Panya akiwa hai?"

Kulwa alinitazama mimi. Mimi nilitazama dripu. Mzee Pastori akasubiri jibu lisilokuja, kisha akageuza macho taratibu kuelekea mlangoni, ambako mkewe alikuwa anaingia na chupa ya maji.

"Mama Generoza," akasema, "lete uji."

Huo ndio ukawa mwisho wa utafiti. Kulwa alimweleza yaliyobaki bila kuyapamba, na ningependa mumwige: kwamba otofagia ni kweli, kwamba kuna watu wanaotafuta dawa ya kuuamsha huo ufagio, kwamba seli zikijila kupita kiasi nazo huumia, na kwamba mzee wa umri wake akishinda njaa anachopoteza kwanza ni nyama ya miguu, ambayo ndiyo anayoihitaji ili asianguke. Leo hii hakuna ajuaye kulifagia donge likatoka ndani ya ubongo wa mtu. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akasema ni mara ya kwanza kumsikia daktari kijana akisema hajui mara tatu kwa mfululizo, na kwamba akazane, atafika mbali.

Aliruhusiwa baada ya siku chache. Tukampangia vidonge saa moja kabla ya kula, na maharage yakae mbali na vidonge, kwa maana protini ya chakula hugombania njia na dawa. Hilo lilimuuma kuliko kuanguka. Ni mtu wa maharage. Kutembea alikubali, asubuhi na alasiri, mkewe akitangulia na kumhesabia hatua kwa sauti ya mtu anayesimamia gwaride. Mimi nilirudi Ngara, na tangu hapo kila nikimweleza mgonjwa jambo nililolisikia kikaoni, namwambia pia lilipoishia. Wengine huchoka kunisikiliza. Nyie mliniona.

Mwezi uliopita, wa kwanza tangu nistaafu, nilikwenda Nyabusozi asubuhi, tukiwa na safari ya arusi ya jirani, yule yule ambaye Mzee aliniambia ni mtu mbaya. Mzee hajapona wala hatapona. Ugonjwa umesonga mbele kidogo, na siku nyingine maneno humpotea katikati ya sentensi. Nilimkuta amesimama sebuleni ndani ya shati jipya jeupe, liko wazi kifuani. Nilimwamkia, akaitikia. Vidole vyake vilikuwa vinahangaika na kifungo, vikilikosa tundu, vikirudi, vikilikosa tena. Najua ilivyo, nilijishughulisha na kutazama kalenda ukutani ili nisionekane naona.

Mama Generoza alitoka chumbani akiwa amekwisha kuvaa, akasimama mbele yake. Hakunyoosha mkono. Alisubiri tu. Nadhani ndivyo walivyozoeana, asubuhi hadi asubuhi, yeye akisubiri na mzee akikataa.

Mzee Pastori alinitazama. Kisha akaiachia mikono yote miwili ikashuka ubavuni, wa kulia ukitetemeka wazi mbele ya mgeni, akainua kidevu.

"Wataalamu bado wanatafuta," akamwambia mkewe. "Wakati tunawangoja, anza na cha juu."